Paka wa Lamu, mbwa wa Malindi: nilivyoamua, na nilipokosea

Mbuzi wetu wawili waliibwa usiku mmoja, kamba zikabaki mtini zimekatwa kwa kisu kikali. Baba Twaha alikuwa baharini, siku ya tatu. Mimi nilisikia kishindo, nikajifunika shuka na kujiambia ni nazi imeanguka. Asubuhi jirani yetu, mzee anayekaa upande wa pili wa ukuta, alizitazama kamba zile akatikisa kichwa. "Pole, Mama Twaha. Lakini hapa panataka mbwa."

Hapa ni Kijiwetanga, nje kidogo ya mji wa Malindi. Tuna kiwanja chenye minazi mitano, banda la kuku, mbuzi wawili waliosalia, na ukuta wa mawe ya matumbawe uliojaa nyufa. Hizo nyufa zikumbuke, nitazirudia.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimezaliwa mtaa wa Langoni, katika mji wa punda na paka, ambako mbwa nilikuwa nikimsikia hadithini kuliko kumwona njiani. Mnyama wangu mimi ni paka. Zabibu nilimtoa Lamu akiwa mdogo, nikampandisha mashua hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, hadi Malindi, ndani ya kikapu cha ukili. Alilia njia nzima mpaka kondakta akauliza kama nimebeba mtoto mgonjwa. Ni paka wa kwetu hasa: mwembamba, miguu mirefu, shingo ndefu, wa namna ile ambayo wageni huifananisha na sanamu za Misri ya kale. Ana miaka sita na nyumba ni yake, sisi wengine ni wapangaji.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu watu wawili wameniuliza kama wachukue mbwa wa kuokolewa ilhali wana paka ndani, na nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp.

Mtu wa kwanza kumwambia kwamba nataka mbwa alikuwa mamangu, kwa simu. Alinyamaza kwanza. Halafu akasema kwa Kiamu chake: "Mbwa? Ukimtia nyumbani, mimi siyi." Yaani haji. Akakata.

Kwa hiyo nilikwenda kwa maalim anayemsomesha Twaha, baada ya sala ya alasiri, nikitarajia karipio. Hakunikaripia. Alinieleza ninalolijua: kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akaendelea kwamba kumfuga kwa kulinda mifugo au shamba kuna ruhusa, na kwamba hata vijana wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao mlangoni. Akanikumbusha ile hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Kisha akaniuliza swali moja ambalo sikuwa nimelifikiria: "Haki yake utaiweza? Huyo ukimfunga ukamsahau, dhambi ni yako, si yake."

Tukapanga utaratibu kabla mbwa hajafika, na hili ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri tangu mwanzo. Mbwa ni wa nje. Sufuria yake na ndoo yake vina alama ya rangi nyekundu. Kando ya bomba pana kopo la mchanga safi. Kanzu ya Twaha ya madrasa haivaliwi uani. Huvaliwa barazani, akiwa tayari kutoka. Ukiwa na majirani Waislamu, au wewe mwenyewe ni Mwislamu, malizeni mazungumzo haya mapema, kwa sababu mbwa akishaingia kila mtu anazungumza kwa hasira.

Mbwa wenyewe walikuwa kwa mama mmoja Mgiriama ambaye watu wote humwita Hawe, yaani bibi. Anawalea walioachwa: wa pwani, wa barabarani, wa majumba ya wageni yanayofungwa wenyewe wakirudi Ulaya. Nilidhani nitaingia, nitachagua, nitaondoka. Hawe alinikalisha kwenye kigoda akanihoji kama mtu anayeozesha binti. Ua una mwanya? Mchana anabaki nani? Atakula nini, na siku ambazo samaki hakuna atakula nini? Akiugua utampeleka wapi, na kwa pesa ipi? Mwisho akauliza nina wanyama gani.

"Mbuzi wawili, kuku, na paka."

"Paka wa miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi usiniulize mimi kama umchukue. Kamuulize paka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinipa masharti: nimchukue mbwa kwa miezi mitatu, si moja kwa moja. Siku tatu za mwanzo atakuwa na hofu tu, wiki tatu ataanza kuonyesha tabia, na miezi mitatu ndipo nitamjua ni nani. Ikishindikana nimrudishe, na hatanuna. Mahali unapochukua mbwa pakikataa habari ya kurudisha, mimi ningesita.

Mbwa aliyenipa aliitwa Stella. Jike, miaka mitatu au minne, rangi ya mchanga uliolowa, sikio la kushoto limechanika. Alikuwa ameshafungwa kizazi na ameshachanjwa kichaa cha mbwa, na Hawe alinikabidhi kadi yenye tarehe na mhuri. Kadi ile niliiweka droo moja na vyeti vya kuzaliwa, na nashukuru niliiweka pazuri.

Tuktuk mbili zilikataa kumbeba. Ya tatu ilikubali kwa shilingi 600, mara mbili ya nauli, na dereva wake ndiye aliyegundua jambo. Nilikuwa namvuta Stella, "njoo, njoo," anang'ang'ania chini. Dereva, kijana aliyewahi kuzunguka na watalii ufuoni, akainama akasema, "Vieni, bella, vieni." Mbwa akapanda mwenyewe. Alilelewa kwenye nyumba ya Wataliano, Kiswahili kwake kilikuwa kelele tu. Twaha akajifunza maneno manne kwa dereva yule: vieni (njoo), ferma (simama), seduta (kaa), brava (vizuri). Hadi leo mtaani wanasema kwetu kuna mbwa msomi kuliko bichi boi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa jembe siku ya kwanza. Jioni ile ile nilimfunga karibu na zizi nikitegemea abweke. Stella alijichimbia nyuma ya tangi la maji akatetemeka hadi asubuhi. Baba Twaha aliporudi kutoka baharini ameshika kasia, mbwa alijikojolea pale alipo. "Huyu ndiye askari wetu?" akaniuliza. Kuna mtu alishawahi kumpiga kwa kitu kirefu, hilo lilikuwa wazi, na ilituchukua wiki nzima kukubaliana kwamba kasia, fagio na mwavuli havishikwi mbele yake. Kama shida yako ni wezi tu, tengeneza ua kwanza. Mbwa aliyeokolewa anaanza kwa kujilinda yeye.

Kosa baya zaidi la siku hiyo lilikuwa kwa Zabibu. Nilimbeba mikononi nikamsogeza karibu na Stella ili wasalimiane. Mpaka leo nina mistari mitatu kwenye mkono wa kulia. Zabibu alipanda bega langu, akaruka ukutani, akapotea usiku wa kwanza na wa pili. Niliita hadi koo likakauka. Siku ya tatu alfajiri alirudi mwenyewe, hakunitazama, akaingia chumbani, akakojolea mswala wangu.

Niliulilia ule mswala kwa hasira. Daktari wa mifugo aliniambia baadaye kwamba paka haadhibu mtu. Akihisi nyumba si yake tena hutia harufu yake pale penye harufu yako kuliko popote. Akaniuliza kama anakula. Hakuwa akila. Hapo akabadilika sauti: paka asiyekula zaidi ya siku mbili ini lake huweza kuharibika, usisubiri mpaka adhoofu. Nilimpa mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu, kwa kijiko, saa baada ya saa, mpaka akaanza kulamba mwenyewe.

Tukaanza upya, polepole kwa namna iliyonikera. Nilimfuta Stella kwa kitambaa kikavu, nikakiweka chini mahali Zabibu anapopita. Na kitambaa cha Zabibu nikakipeleka bandani kwa Stella. Wiki nzima walikuwa wanajuana kwa pua tu. Kisha chakula: sahani ya paka ndani ya mlango uliofungwa, ya mbwa nje, kwanza mbali, kila siku hatua moja karibu. Fundi akapigilia ubao juu ya dirisha, kimo cha kichwa changu, paka apate pa kukaa akimwangalia mbwa kutoka juu. Ule ubao uligharimu kidogo sana na ndio uliookoa mambo. Paka mwenye pa kupanda hakimbii, na mbwa asiyekimbiwa hana cha kukimbiza. Stella alikuwa kwenye kamba kila walipoonana, hadi wiki ya tano.

Siku ya nne tangu Stella afike, Twaha aliinama kuokota sufuria ya mbwa wakati bado anakula. Stella alimuuma kidole. Si kwa ukali, lakini ngozi ilipasuka na damu ikatoka. Jirani mmoja alikuja mbio na pilipili na chumvi za kupaka. Usikubali. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka bombani, dakika kumi na tano kwa saa, mtoto akilia kwamba inatosha. Kwetu hesabu ilikuwa mbili pale pale, kwani mkono ule ule ulihitaji na udongo. Halafu hospitali, ingawa mbwa alikuwa na chanjo. Pale ile kadi ya Hawe ilifanya kazi: muuguzi alisoma tarehe, akampa Twaha sindano ya kwanza, akatuambia tumchunguze mbwa siku kumi na turudi kwa sindano zilizobaki kwa tarehe alizoandika.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo kinazuilika kabisa. Kenya imejiwekea mpango wa kukimaliza kati ya 2014 na 2030, na daktari wetu anasema chanjo za mbwa ndizo zitakazoamua, maana karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Nilikuwa nikiisikia habari hii kama tangazo la redio. Ukiwa umeshika kidole cha mwanao chini ya bomba unaisikia vingine.

Kosa la siku ile lilikuwa letu. Hakuna mtu aliyemfundisha Twaha kwamba mwenye kula asishikwe.

Wiki ya tatu Stella aliacha kula. Alilala tu kivulini, ufizi wake ukawa mweupe kama wa maiti, na asubuhi moja nikaona tone la damu puani. Daktari alimpima damu: homa ya kupe. Dawa yake doksisaiklini, kila siku, siku 28, usiache hata akionekana mzima. Nilimfichia vidonge ndani ya donge la ugali na dagaa. Alipona taratibu, lakini daktari alisema kupe wenyewe wasipomalizwa nitarudi pale tena na tena.

Ndipo nikauangalia ukuta wetu kwa macho mengine. Jioni, jua likipiga kwa mshazari, utaona kupe wa kahawia wanapanda kwenye jiwe la matumbawe mmoja mmoja, wadogo kama mbegu ya ufuta, wakiingia kwenye vishimo. Wanataga humo. Unaweza kumsafisha mbwa kila siku, ukuta ukakuletea wengine. Baba Twaha alishinda siku mbili akiziba nyufa kwa saruji, mdomo umejaa vumbi, akiuliza mbuzi wenyewe walikuwa na thamani gani hasa.

Mimi nikaenda kwenye duka la dawa za mifugo. Sikusema nina paka. Muuzaji hakuuliza. Alinipa kichupa cha matone ya kupaka mgongoni mwa mbwa, shilingi 850, na akasema kitamaliza kupe kwa mwezi mzima. Ijumaa jioni nikampaka Stella kuanzia shingoni hadi karibu na mkia.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta kitu ambacho nilikuwa nikikiomba wiki sita. Zabibu ameteremka ubaoni usiku, ametoka kwa tundu la jikoni, amelala uani akiwa ameegemea mgongo wa Stella. Wote wawili wamefumba macho. Nilitoa simu polepole, nikapiga picha, nikawatumia dada zangu. Mmoja akajibu: "Mashallah, wamekuwa ndugu."

Saa nane mchana masikio ya Zabibu yalianza kucheza yenyewe. Nikadhani nzi. Halafu mate yakamtoka. Alipotaka kuruka kitandani alikosa, akaanguka, na kuanzia hapo mwili mzima ukawa unatetemeka, ngozi inaruka ruka kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Nilimpigia daktari. Swali lake la kwanza: "Mbwa umempaka nini?"

Nikamsomea kichupa. Kilikuwa na permethrini. Na pembeni, chini ya maandishi, palikuwa na picha ya paka iliyopigwa alama ya X, ukubwa wa punje ya mchele. Ilikuwepo muda wote.

Kwa mbwa dawa ile ni ya kawaida. Kwa paka ni sumu, kwa sababu mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mbwa, na si lazima umpake yeye. Kulala juu ya mbwa aliyepakwa kunatosha. Daktari aliniamuru nimwoshe mara moja kwa sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, si ya moto, nimkaushe, nimfunge kitambaa asipoe, nije. Dereva wa tuktuk alikuwa yule yule. Hakuongea Kitaliano safari hii. Zabibu alikaa kwa daktari usiku wa kwanza na wa pili, mshipani maji, na dawa ya kulegeza misuli kila mtetemeko uliporudi. Nilikaa nje kwenye benchi nikiwa na ile picha kwenye simu, dada zangu wakiendelea kuweka vimioyo.

Sitamtaja muuzaji wala duka. Kosa la kutouliza lilikuwa lake na langu, na mimi ndiye niliyekuwa na paka. Ukiwa na wanyama wa aina mbili, neno la kwanza dukani liwe hilo: nina mbwa na paka. Soma kichupa kwenye mwanga. Zipo dawa za kupe zinazofaa nyumba yenye wote wawili, daktari atakutajia. Na kama umeshampaka mbwa ya permethrini, watenganishe siku tatu, hata kama siku hiyo ndiyo wameamua kupendana.

Usiku ule wa pili nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia Baba Twaha kesho tunamrudisha Stella kwa Hawe. Hakunipinga, alisema tu nisimpigie Hawe usiku.

Kuhusu pesa nitasema wazi, maana kabla sijaanza nilijiwekea 10,000 nikaona nimezidisha. Kwa miezi sita zimetoka 48,400. Chakula peke yake kilikula 27,000, kama 150 kwa siku: unga, dagaa, utumbo, vichwa vya samaki Baba Twaha akikosa cha kuleta. Banda la mabati na mbao 7,400. Zabibu kwa daktari 6,800. Homa ya kupe pamoja na dawa zake 3,900. Chanjo nyingine na dawa za minyoo 1,800. Mkanda na mnyororo 900. Tuktuk 600. Sikuhesabu mswala. Kufunga kizazi nilikuta kumeshafanywa. Kwako kusipokuwa kumefanywa, ongeza.

Na kuna gharama isiyo ya pesa. Stella hulia na adhana ya alfajiri. Muadhini akianza, naye anainua pua anavuta sauti ile ile ndefu, na wiki ya kwanza yule mzee jirani, aliyenishauri nifuge mbwa, alikuja mlangoni: "Mama Twaha, mbwa wako anaadhini." Alisema kwa tabasamu, lakini alisema. Tulihamisha banda upande wa mbali na msikiti, na ninaamka kabla ya adhana nimpe kipande cha ugali kikavu cha kutafuna. Mara tatu kwa wiki inasaidia. Watoto wawili wa madrasa waliacha kuja kucheza na Twaha, na mmoja hajarudi. Mamake ana haki yake, sikumfuata.

Zabibu alirudi Jumatatu jioni, amenyolewa mguu mmoja pale palipowekwa sindano. Nilimfungia chumbani. Nikaanza kutengeneza vyakula viwili kama kawaida, na kwa uchovu sikuufunga mlango vizuri. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka kizingitini, anatembea kwa kuyumba kidogo, moja kwa moja hadi mahali pa sahani yake. Stella alikuwa hatua mbili kutoka hapo, nimeshamwosha na hana hata mkanda. Nilishikwa na baridi. Zabibu akakaa, akala. Stella aliangalia sahani ile ya samaki, akaangalia paka, kisha akageuza uso pembeni, akabaki hivyo, ameipa nyumba mgongo nusu, mpaka paka akamaliza na kujilamba makucha.

Asubuhi nilimpigia Hawe. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumrudisha. Nikajikuta namwambia, "Paka amejibu."

"Amesemaje?"

"Amekula."

Hata hivyo sikukubali siku ile. Tulimaliza miezi mitatu kama tulivyopatana, na ndipo nikatia sahihi. Nakushauri ufanye vivyo hivyo, kwa sababu moyo ukiwa na furaha au na hofu unaandika jina haraka mno.

Utauliza kuhusu wezi. Mbuzi hawajaibwa tena. Stella ameamsha mtaa mara moja, saa nane usiku, wanaume wakatoka na tochi na mapanga, wakakuta karunguyeye amejikunja chini ya mwembe. Lakini mwezi ule ule mzee jirani naye aliweka taa kubwa ukutani kwake, kwa hiyo siwezi kuapa nani anayelinda.

Zabibu hajalala tena mgongoni mwa Stella. Anakaa ubaoni, na jioni anashuka hadi ukingo wa baraza, mkia ukining'inia juu ya kichwa cha mbwa. Jumamosi ni siku ya kupe: tunamkagua Stella masikioni na katikati ya vidole, Twaha na glavu zake, kopo la mafuta ya taa pembeni la kuwatupia.

Mamangu amepiga simu juzi. Aliuliza habari za Twaha, za bahari, za bei ya nazi. Akanyamaza. Kisha akauliza huyo mbwa analala wapi.

"Nje, Mama. Upande wa mbali."

"Na paka?"

"Ndani."

"Haya. Baada ya Idi takuya."